Mama Callixte na Maboksi ya Sahani Chapu

Theopista wa stesheni ya Mpanda, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Mama Callixte, alianza kuuza chakula kwa sufuria za msiba. Mumewe, fundi wa reli, alipofariki, majirani walileta sufuria zao kupikia waombolezaji, na matanga yalipokwisha zilibaki mbili ambazo hakuna aliyekuja kuzidai. Aliuliza nyumba hadi nyumba. Kila mtu alisema si zake. Mwishowe akaelewa kwamba watu walikuwa wanamsaidia bila kumwaibisha, akanyamaza, akanunua unga.

Sufuria hizo ndizo zilizomsomesha Callixte, mwanawe wa pekee, mpaka akaingia chuo. Theopista alipanga fremu, chumba cha biashara, kwa Mzee Bashiru, mwenye duka la jumla kwenye barabara ya kwenda stesheni, na humo akapika alichokijua tangu utoto wake Karema: ugali wa muhogo, maharage, na migebuka, samaki wa ziwani, iliyokaushwa kwa moshi, ambayo aliiunga kwa karanga mpaka mchuzi ukawa mzito wa kushika kidole. Ukiingia unakaa, anakuja mwenyewe na jagi na beseni, anakumiminia maji mikononi huku akikuuliza habari za nyumbani, halafu unakula. Mchuzi ukiisha unainua bakuli, anaongeza. Nyongeza haikuwa na bei. Kuku akihitajika, alichinjwa na Mzee Bashiru, ambaye ni Mwislamu, ili kila atakayeingia, wa dini yoyote, ale bila kujiuliza. Taratibu hizi hakuna aliyewahi kuziandika popote. Zilikuwa adabu tu.

Ndipo fursa ilipofika Mpanda.

Siku hizi neno hilo linazunguka mikoani kama wale jamaa wa kipaza sauti wanaouza dawa ya panya. Linaingia kila mtaa, linapiga kelele, linaondoka na hela za watu, na panya wanabaki. Safari hii lililetwa na kijana aliyeitwa Innocent, afisa wa kampuni ya Sahani Chapu kutoka Dar es Salaam. Alikodi ukumbi, akafunga spika kubwa kuliko za harusi, akawaita mama lishe wote wa mjini.

"Mama zangu, mkisikia fursa mnasemaje?"

"Tuichangamkie!"

"Sijasikia!"

"Tuichangamkieee!"

Akawaambia kwamba moshi umewamaliza macho na mabeseni yamewavunja migongo, jambo ambalo lilikuwa kweli, na hapo ndipo penye ubaya wake, maana mtu anayetaka kukuchukulia kitu huanza kwa kukuambia ukweli. "Dunia haipiki tena," alisema. "Dunia inapasha. Nyie bado mnapuliza kuni?" Kampuni inapika kila kitu kiwandani Dar, inagandisha, inaleta kwa lori. Wakala anaazimwa jina, bango, friza, maikrowevu na aproni ya rangi ya chungwa. Kazi yake ni kupasha na kuuza. Innocent aliiita franchaizi, akawafundisha kuitamka, na ukumbi mzima ukaitamka.

Masharti yalisomwa wazi, hakuna kilichofichwa. Wakala haruhusiwi kupika chakula kingine. Haruhusiwi kuwasha moto wa mkaa wala kuni dukani. Haruhusiwi kuongeza wala kupunguza kilichomo ndani ya boksi. Na fremu, ili kulinda jina la kampuni, itapangwa na kampuni yenyewe kutoka kwa mwenye nyumba. Wakala akivunja sharti, anatoka yeye, fremu inabaki.

Theopista alisikia yote hayo na akasaini. Macho yalikuwa yanamuuma kweli. Na kila aliyemuuliza alimwambia kwamba mwanamke asiyeona fursa hiyo basi amelogwa.

Wiki za kwanza watu waliingia kushangaa. Polycarpe, fundi wa kuchomelea mageti mwenye karakana ng'ambo ya barabara, alifungua boksi lake la wali, akaunusa.

"Mama Callixte, huu wali umetoka Dar?"

"Umetoka Dar."

"Jana?"

"Sijui, baba. Kula."

"Mimi nikitoka Dar nalala siku mbili ndiyo nasalimia watu. Huu umefika tu umekaa mezani? Uache upumzike."

Wabeba mizigo wa stesheni walicheka, na Theopista akacheka nao. Lakini mchele wenyewe ulikuwa wa Mpimbwe. Lile lori lililoleta maboksi ndilo lililorudi na magunia. Mchele unalimwa hapa hapa Katavi, kwa jembe la mkono na miguu ndani ya matope, unasafirishwa mpaka upande wa pili wa nchi, unachemshwa, unagandishwa, unafungwa, unarudishwa kwa mkulima yule yule kwa bei ya mara tatu, na kuna watu wenye tai wanaosimama mbele ya wenzao na kuuita mwendo huo maendeleo.

Kilichomuumiza zaidi Theopista kilikuwa kidogo. Mbeba mzigo anamaliza, anainua boksi kwa mazoea, anatafuta nyongeza ya mchuzi. Theopista anasimama na mikono mitupu. "Hakuna, baba." Yule mtu anashusha boksi polepole, kama aliyekamatwa anaomba kisicho chake. Jagi na beseni pia viliondolewa, mahali pake pakawekwa chupa ya dawa ya kupaka mikononi. Watu wakawa wanaingia, wanajipaka, wanakula, wanatoka. Theopista aligundua kwamba hata habari za watoto wao hakuwa anaziuliza tena. Hakukuwa na wakati ambapo swali hilo lingeingia.

Machibya wa Litapunga aliingia fremuni siku moja ya mnada. Machibya ni mfugaji wa Kisukuma, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, ambaye wazazi wake walishuka na mifugo kutoka kaskazini yeye akiwa mtoto. Mwaka ambao mkewe, Suzana, alilazwa mjini, Theopista ndiye aliyempelekea uji wodini kila asubuhi, na tangu siku hizo Machibya hakukanyaga mji bila kula kwake.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimia, kama Msukuma anavyomsalimia mama yake asubuhi.

"Mwangaluka, baba. Za Litapunga?"

"Ng'ombe na matope." Akatazama huku na huku. "Mbona sioni moshi? Unaumwa?"

"Siumwi. Nimepata fursa."

"Inatibika?"

Alicheka peke yake, akakaa, benchi likalia. Kisha akamweleza kilichomleta. Binti yake Esteria ameposwa. Wakwe wanatoka Kaliua kwa treni, mshenga wao ni mzee mmoja anaitwa Luhende, mtu wa mila mpaka kwenye kucha. Watafika Litapunga kupanga mahari. Ugali Suzana na majirani wataupika wenyewe. Lakini kitoweo cha wakwe, Suzana amesema, apike Mama Callixte na asipike mtu mwingine.

Hapo ndipo Theopista alipotakiwa kusema. Angemwambia tu, baba, mimi siku hizi sipiki. Lakini utasemaje maneno hayo mbele ya mtu ambaye umelishana naye miaka yote? Alisema, "Nitaleta chakula," na Machibya akashukuru, akaondoka kufuata ng'ombe wake.

Innocent alikuwa amepanga chumba gesti ya jirani, na kila asubuhi alipita kukagua friza. Theopista alimngoja mlangoni.

"Mwanangu, nina shughuli Litapunga. Nitapika huko huko nyumbani kwa watu, siyo hapa."

"Mama, wakala hapiki."

"Ni wakwe, Innocent. Wanakuja kutoa mahari."

"Sasa si ndiyo wateja wenyewe! Wapelekee Kuku wa Heshima. Kila mzee na boksi lake, na uma wake, na karatasi ya kufutia mdomo. Hapo ndipo watajua Mpanda imeendelea."

"Firigisi ziko wapi?"

"Firigisi?"

"Mkwe mkubwa anapewa firigisi. Sijaiona hata moja kwenye hayo maboksi."

Innocent akacheka kwa upole, kama mtu anayemweleza bibi yake simu. "Mama, firigisi zinabaki Dar. Zinachomwa mishikaki kwenye mabaa. Huku nani atazilipia?"

Theopista hakumwogopa kijana yule. Aliogopa kuipoteza fremu. Ilikuwa ndiyo ukuta wake wa pekee, mahali ambapo mtu wa Inyonga au wa Ugalla akishuka anajua atamkuta, na sasa ilikuwa mikononi mwa watu ambao hawajawahi hata kukanyaga kizingiti chake. Akapasha maboksi, akayapanga kwenye kasha la kutunza joto, akapanda bodaboda kwenda Litapunga.

Uani kwa Machibya viti vilikuwa vimepangwa, mikeka imefagiliwa, na wazee wa Kaliua walikuwa wameketi upande mmoja na kofia zao magotini. Mazungumzo yalikuwa yamefika pazuri. Idadi ya ng'ombe ilishatajwa na hakuna aliyekohoa. Suzana alileta ugali kwenye sinia kubwa, unafuka. Theopista akafungua kasha, akaanza kugawa maboksi, moja kwa kila mzee, yamefungwa kwa kifuniko kigumu na utepe wa rangi ya chungwa.

Luhende alipokea la kwake kwa mikono miwili. Alikuwa mzee mwembamba, mtaratibu, mwenye ndevu chache nyeupe. Aligeuza boksi juu chini. Akatazama la jirani yake, na la jirani wa jirani yake. Akaona kila mtu amefungiwa lake. Alifungua mfuko wake wa safari, akaliweka boksi ndani, juu ya shati lake la kubadilisha, akalifunika vizuri. Wenzake nao wakafanya vivyo hivyo. Kisha wote wakasimama.

"Mwenye nyumba," alisema Luhende, "tumeelewa."

Machibya alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye ugali. "Mmeelewa nini tena, mzee wangu? Karibuni tule."

"Tumeshapewa. Chakula cha njiani tumekipokea, tunashukuru. Hatugombani."

"Chakula cha njiani? Hicho ndicho kitoweo!"

"Kitoweo kimefungwa?" Luhende aliuliza kwa sauti ile ile ya chini. "Umri wangu huu nimefungiwa chakula mara nyingi, na kila mara nilikuwa naaga. Kama ng'ombe tuliotaja ni wachache, ungesema, tungeongeza. Kwa heri, mama. Kwa heri, vijana."

Wakaondoka. Hawakutukana mtu, hawakugeuka nyuma, na kwa sababu hiyo hapakuwa na namna ya kuwakimbilia na kuwaomba wasikasirike. Machibya aliwafuata mpaka barabarani, akiongea, akiapa, na wao wakamwitikia kwa adabu zote huku wanatembea. Nyuma yake sinia la ugali lilipoa mbele ya viti vitupu. Ndani ya nyumba mtu alianza kulia, na kila mtu uani alijua ni Esteria.

Suzana alimkaribia Theopista. Hakupandisha sauti.

"Dada, umewafukuza wakwe zangu. Tena kwa upole kabisa."

"Suzana, ni kampuni..."

"Mimi kampuni siijui. Mimi nilimtuma mume wangu kwako."

Juu ya bodaboda, njia nzima ya kurudi, Theopista alijisikia kama mtu aliyepigwa kofi na hajui amrudishie nani. Alijilaumu kwanza, kwa sababu amezoea. Lakini vumbi lilivyozidi kumjaa kinywani ndivyo hasira ilivyotafuta mahali pake pa haki. Yeye anawajua watu hawa! Anajua nani hahimili pilipili na nani amefunga, anajua mkwe anapewa nini na mgeni anaagwa vipi. Ujuzi wote huo, miaka yote hiyo, akaja mtu na spika akamwambia ni uchafu wa moshi, auweke chini, ashike kitufe. Na yeye akauweka chini. Akashika kitufe.

Asubuhi iliyofuata alikuwa bado hajawasha hata taa ya fremu pikipiki ilipofunga breki mlangoni. Ni Machibya, macho mekundu, na kuku wawili hai wananing'inia miguu juu kwenye usukani.

"Mayu, mimi sikuja kukutukana."

"Nitukane tu, baba. Nastahili kutukanwa."

"Nitakutukana baadaye. Sasa hivi sina muda. Wazee wamelala hapa mjini kwa ndugu yao, wanaondoka na treni ya mchana. Nimewapigia magoti usiku. Luhende amesema nyumba iliyowaaga hawawezi kuirudia safari hii. Lakini kama kuna mahali pengine watapokelewa kama watu, wakaona kuku kwa macho yao na wakanawishwa, basi ya jana watayahesabu kama mvua. Imenyesha, imepita." Akawashusha kuku. "Nimewaambia waje hapa."

"Hapa siruhusiwi kuwasha moto."

"Nani kakukataza? Bashiru?"

"Kampuni."

"Iko wapi nikaiombe?"

"Dar es Salaam."

"Basi moshi haitauona."

"Innocent atauona. Anapita kila asubuhi. Nikiwasha, Machibya, fremu imekwenda."

Machibya alimtazama tu, na katika kutazama kule hakukuwa na ujanja wala deni. Alikuwa baba ambaye binti yake amelia usiku kucha. Theopista alitazama friza inayonguruma, maikrowevu iliyofutwa ikang'aa, chupa ya dawa ya mikono. Aliitafuta fremu yake humo ndani, ile aliyokuwa anaogopa kuipoteza, akaona kwamba imeshaondoka siku nyingi. Kilichobaki kilikuwa kuta za Bashiru na bango la watu.

Alikwenda stoo, akalivuta jiko lake la mkaa kutoka chini ya magunia, akalitoa mpaka mlangoni kweupe, akawasha.

Wazee walipofika, moto ulikuwa umeshika. Machibya aliwaonyesha kuku, Luhende akawapapasa vifua, akatikisa kichwa kwamba ni wazuri. Theopista aliita dukani kwa jirani, na Mzee Bashiru akatoka na kisu chake kama alivyotoka miaka yote. Katikati ya njia akakumbuka, akasimama.

"Yule kijana wa kampuni amekubali?"

"Hajaulizwa, mzee."

Bashiru aliwatazama wageni, akamtazama Theopista, akawatazama kuku. Alikuwa ameshapokea kodi ya kampuni, na mwenye duka hapendi matatizo mbele ya duka lake.

"Lakini kuku hana mkataba na mtu," alisema mwishowe, akageukia kibla, akachinja.

Innocent alifika wakati wa kunyonyoa. Manyoya yalikuwa yamesambaa mpaka kwenye bango.

"Mama! Mama Theopista! Hii nini?"

"Wageni, mwanangu. Karibu, kaa."

"Kuna manyoya kwenye nembo ya kampuni! Mzee Bashiru, hata wewe?"

Bashiru alifuta kisu chake kwa makini, akarudi dukani.

Wabeba mizigo walianza kukusanyika. Polycarpe aliacha moto wake wa kuchomelea, akavuka barabara na miwani yake myeusi usoni. "Kaka, usipige kelele," alimwambia Innocent. "Huyu kuku ametoka Litapunga leo leo. Hajachoka."

Kijana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na jasho usoni na simu mkononi, na ilikuwa dhahiri kwamba anaiogopea kazi yake kama Theopista alivyoiogopea fremu. Walioandika masharti hawako kamwe mahali ambapo masharti yanamuumiza mtu. Wanamtuma Innocent. Alisogea pembeni, akaongea na wakubwa wake, akarudi.

"Mama, nimekuombea. Wamesema utasamehewa. Uzime moto sasa hivi, halafu nikurekodi video fupi, uombe radhi kwa mawakala wote, useme ulipitiwa."

"Nilipitiwa na nini?"

"Chochote! Sema shetani. Sema ulikuwa na homa."

"Siumwi. Nimewapikia wageni."

"Wasipoipata hiyo video, leo hii nafunga."

"Basi ngoja watu wale kwanza. Wewe hukufundishwa kwenu?"

Akainuka na jagi na beseni. Alianza na Luhende. Alimmiminia maji taratibu, vidole vyote, akamuuliza Kaliua mvua zikoje, na wajukuu wangapi, na goti lile analolikunja kwa shida limeanza lini. Mzee akajibu lote. Sinia moja likawekwa katikati, kuku wote wawili na mchuzi wao wa karanga, na firigisi juu, mbele ya mshenga. Luhende aliichukua, akaikata vipande viwili kwa meno, na kipande kimoja akampa Machibya mkononi. Machibya alikula huku analia bila kuficha, mtu mzima, mbele ya wabeba mizigo wa stesheni nzima.

Mambo ya mahari yalimaliziwa hapo hapo kwenye benchi. Treni ilipopiga honi, Luhende alisimama, akajipangusa.

"Sasa, mama," alisema, "tufungie cha njiani."

Theopista alichukua maboksi matupu ya Sahani Chapu, akayajaza mapaja ya kuku yaliyobaki na ugali, akayafunga kwa ule utepe wa chungwa.

"Hayo maboksi ni ya kampuni," Innocent alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo," Luhende alimwambia, akiweka lake mfukoni. "Maboksi mazuri. Tatizo mliyaleta kabla hatujaaga."

Wakaenda. Machibya aliwasindikiza mpaka behewani. Na hapo, wageni wakiwa wameondoka, Innocent akapokea simu nyingine, akaingia fremuni, akazima taa, akatoka na kufuli. Theopista alikuwa nyuma anamwaga maji ya vyombo. Aliporudi mbele alikuta mlango umefungwa, na mwanamume aliyemfungia anaangalia kidole chake cha mguu.

Hivi ndivyo inavyofanyika. Hakuna askari, hakuna kesi. Mtu amefagia mahali kwa miaka kumi na zaidi, amelisha nusu ya mji pale, amemsomesha mtoto pale, na inatosha kijana mmoja na kufuli ya dukani.

"Fungua," Theopista alisema. "Maharage yangu yako motoni humo ndani."

Kweli, asubuhi alipoona mkataba umekufa, alikuwa amebandika na maharage ya wabeba mizigo kwenye jiko la pili, kule stoo. Kila mtu aliisikia sasa sufuria ikitokota nyuma ya mlango.

"Mama, kila kilichomo ndani ni mali ya kampuni."

"Maharage?"

"Nimeambiwa kila kilichomo."

"Maharage niliyonunua mimi, yanachemka kwenye sufuria niliyoachiwa na majirani msibani kwa mume wangu, ni mali ya kampuni?" Sauti yake ilipanda sasa, kwa mara ya kwanza tangu kijana yule amjue, ikapanda mpaka wauza nyanya wakasimama. "Sikiliza, Innocent. Jina lenu chukua. Friza chukua. Fremu mmeichukua kwa karatasi, nami nilisaini kwa mkono wangu, sikatai. Lakini mtu akikuambia hata maharage yaliyo motoni ni yake, huyo hakuja kufanya biashara na wewe. Amekuja kukuvua nguo. Waambie hivyo huko Dar. Waambie mkiwa kwenye ukumbi na spika zenu!"

Mzee Bashiru alitoka dukani na rundo la funguo. Hakumtazama mtu. Alitafuta ufunguo wake wa akiba, lakini kufuli ilikuwa mpya, ufunguo haukuingia. Akamgeukia Innocent, akamnyooshea kiganja.

"Mzee, umesaini kodi..."

"Kodi ya nyumba. Sikukodisha chakula cha watu. Lete ufunguo, mwanangu, nisiseme maneno ambayo mama yako hatayapenda."

Innocent akautoa.

Polycarpe na wabeba mizigo wawili waliingia na vyuma virefu vya geti, wakavipitisha chini ya jiko, wakalinyanyua hivyo hivyo, makaa yanawaka na sufuria juu. Barabara ilisimama. Bodaboda walizima injini kuwapisha. Waliliweka upande wa pili, kwenye kibaraza kifupi cha karakana ya Polycarpe, katikati ya mageti ambayo hayajapakwa rangi. Hapakuwa na benchi wala ukuta wa upande, na upande wa Ugalla wingu lilikuwa limeshaanza kuwa jeusi.

Nyuma yao Bashiru alimrudishia Innocent ufunguo, na kufuli ikafungwa tena. Bango lilibaki pale pale.

Theopista aliinama, akafunua sufuria, akaonja kwa ncha ya mwiko. Mbeba mzigo mmoja alikuwa ameshageuza tairi bovu likawa kiti, mkononi ana bakuli aliloazima kwa Polycarpe.

"Mama Callixte, niwekee na nyongeza kabisa."

"Hayajaiva," alisema, akafunika. "Nenda kwanza kaniletee maji unawe."